Chumvi ya Mshenga

Kiwanda kizima kilimwita Mshenga. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, lakini tone la asidi liliwahi kudondoka hapo likala herufi zote, na hakuna aliyejisumbua kuuliza zilikuwa zinasema nini. Hata mlinzi wa getini, mtu mkali aliyekuwa tayari kumdai nzi kitambulisho, alimfungulia asubuhi kwa kusema tu, "Pita, Mshenga."

Jina lilitokana na chumvi. Siyo ya kutia mchuzini, maana hiyo ukiionja utalazwa. Ilikuwa chumvi ya shaba, kloridi ya shaba kwa jina lake la shule, unga mweupe mwororo uliotunzwa kwenye chupa za kioo cheusi katika maabara ya kiwanda hicho cha dawa. Kuiosha na kuitunza ndiyo ilikuwa kazi yake. Dawa kubwa ya kiwanda ilitaka vitu viwili vishikane viwe kimoja, na vitu hivyo vilikuwa na kiburi. Viweke chupa moja, vichemshe, vikoroge, vibembeleze, vitakaa hivyo hivyo, kila kimoja na lake, kama ndugu waliogombana wakakutanishwa msibani. Lakini tia chumvi ya shaba, ncha ya kijiko tu, na vinashikana. Kazi ikiisha chumvi huchujwa ikatupwa. Kwenye dawa inayokwenda kwa mgonjwa haimo.

Siku moja wageni walikuja kuitembelea maabara, na mkemia mkuu akamwachia yeye aeleze. Mkemia mwenyewe, mwanamke mdogo kwa umri aliyesoma mpaka akaitwa daktari, angesema "kichocheo", kama vitabu vinavyosema. Lakini mwosha chumvi alikuna kichwa, akaiinua chupa.

"Huyu ni mshenga," akasema. "Bwana yuko huku, bibi yuko kule, hakuna anayeanza. Mshenga anaingia. Anasema na huyu, anasema na yule, mambo yanakuwa. Harusi ikishafungwa, mshenga anajiondokea zake."

Wageni walicheka mpaka wakapangusa macho. Kuanzia hapo chumvi ikaitwa mshenga, na anayeiosha akaitwa Mshenga, na baada ya muda chumvi ikarudishiwa jina lake la zamani. Yeye akabaki na lake.

Majina nayo yana ushetani wake. Mtu akishaitwa Mshenga, watu huanza kumtuma. Alianza mpimaji wa mizani, kijana mwenye haya, aliyempenda dada mmoja wa usafi na hakuwa na ulimi wa kumwambia. Kisha akaja fundi umeme. Kisha karani wa malipo, huyu akiwa mwanamke, ambaye alimtuma kwa fundi bomba bila kuona haya hata kidogo. Mshenga alikubali kila mara, na kila mara alifanya kwa namna ile ile. Anakwenda hadi alipo mhusika. Anavua kofia. Anakohoa kidogo, anatazama chini, anasema neno moja: "Nimetumwa."

Mhusika anauliza, "Umetumwa na nani?" Anamtaja aliyemtuma, na yanayofuata yanafuata.

Alilipenda sana neno hilo, na sababu yake haikuwa ya kujivunia. Aliyetumwa hakataliwi. Ikija "sitaki", inampita begani inakwenda kumpiga aliyekaa mbali akisubiri jibu. Mshenga aliweza kumsimamia mwanamke yeyote mlangoni, macho makavu, mikono imetulia, mradi maneno aliyobeba yawe ya mtu mwingine. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa bubu kabisa.

Basi mtu huyu aliyewaozesha wenzake nusu ya kiwanda, mwenyewe alilala peke yake. Umri ambao wenzake walikuwa wakioa, yeye alikuwa akimuuguza mama yake, akimgeuza kitandani asubuhi na jioni, na mama alipofariki akajikuta ana mvi na nyumba haina sauti. Akapanga chumba kimoja karibu na kiwanda. Ndani palikuwa na kitanda, jiko la gesi, meza, kikombe kimoja na redio. Vikombe vilikuwa vingi zamani, vikawa vinavunjika kimoja kimoja, naye hakuona sababu ya kununua vingine. Alikuwa na tabia ambayo angekufa kwa aibu kama ingejulikana: akirudi kazini, kabla ya kutia ufunguo mlangoni, alikuwa akigonga na kusema "hodi". Alianza kwa mzaha. Mzaha ukaendelea, ukazoeleka, na siku ambayo hakusema hodi alihisi amevamia nyumba ya watu.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi mji mwingine na mumewe na kundi la wajukuu, alimpigia simu kila Jumapili.

"Mdogo wangu, uko na nani hapo?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, hata salamu ilikuja nyuma. Na Mshenga, kabla ya kupokea, alikuwa amekwisha kuifungulia redio sauti. "Nina wageni, dada," anasema, huku nyuma yake wachambuzi wa mpira wakitoana macho. "Wasalimie," anasema dada. "Wanakusalimu pia," anajibu. Alikuwa mwongo hodari kwa jambo hilo, au alijiona hivyo.

Sasa, kuhusu Mama Funguo.

Huyu alikuwa mtunza stoo. Alikuwa mjane wa muda mrefu, mwanawe mmoja ameshakuwa mtu mzima anajitegemea, na kiunoni alining'iniza shada la funguo zilizolia kila alipotembea, kiasi kwamba wavivu wa kiwanda walikuwa na nafasi ya kutosha kushika mifagio kabla hajatokea. Alikaa nyuma ya dirisha la wavu, vitu vyote vya kiwanda viko mgongoni pake. Chochote ulichotaka, kuanzia sabuni hadi asidi, ulikipata kupitia kwake. Watu walimwogopa kidogo. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, na hakumpa mtu kitu hadi amweleze anakwenda kukifanyia nini.

Ndiye mtu pekee aliyewahi kumuuliza Mshenga, "Kwani nyumbani wanakuitaje?"

Aliuliza tu, huku akimimina spiriti, bila kumtazama. Mshenga akalitaja jina lake. Alilitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya ukoo. Mama Funguo akalirudia taratibu, akasema, "Jina zuri hilo, linalala bure." Tangu siku hiyo, wakiwa wawili tu dirishani, alimwita kwa jina hilo. Akija mtu wa tatu, anarudi kuwa Mshenga. Hapo ndipo mzee wetu alipokwisha kazi.

Ili upate kuelewa ujinga aliofanya baada ya hapo, lazima uijue chumvi yenyewe. Ni nyeupe, lakini ina adui mmoja, naye ni hewa. Ikiachwa wazi, hewa yenye unyevu inaingia na chumvi inaanza kuwa ya kijani, kwanza pembeni, kisha yote. Ikishakuwa kijani imechoka. Ukiitia kwenye kazi, vile vitu viwili vinatazamana tu. Ndipo anapohitajika mtu wa kuiosha. Anaiyeyusha kwenye asidi kali, anatumbukiza humo waya safi wa shaba, anasubiri. Shaba yenyewe ndiyo inayoirudisha. Ile rangi ya kijani inafifia pole pole mpaka maji yanakuwa meupe. Kisha anayamwaga kwenye maji mengi ya baridi, na hapo chumvi inanyesha kama unga unaopepetwa. Haraka anaichuja, anaisuuza kwa spiriti, anaisuuza kwa etha inayokauka upesi, anaikausha kwa pampu ya kunyonya hewa, anaifungia chupani. Mtu akizubaa katikati, arudie mwanzo.

Asidi, waya, spiriti na etha vyote vilitoka stoo. Kwa hiyo kila chumvi ilipochoka, Mshenga alikuwa na safari ya kwenda kwa Mama Funguo, na akifika husimama, na akisimama huzungumza, na akizungumza huitwa kwa jina lake. Basi akaanza kulegeza vifuniko.

Kidogo tu. Robo ya mzunguko. Mtu aliyetumia maisha yake kuikinga chumvi na hewa, sasa jioni kabla ya kuondoka anaizungushia kifuniko nyuma kwa vidole viwili, anatazama mlango, anatoka akipiga mluzi. Siku chache baadaye chumvi ni ya kijani, naye yuko dirishani kwa Mama Funguo na chupa tupu mkononi, uso umejaa masikitiko.

"Mshenga," mkemia mkuu alimwambia siku moja, akiinua chupa kwenye mwanga, "mbona siku hizi inazeeka upesi hivi?"

"Hewa imebadilika, daktari," akajibu bila kupepesa jicho.

Mama Funguo naye hakuwa mtoto. "Umekuja tena?" alimwambia. "Hiyo chumvi yako inaoga kuliko bibi harusi." Lakini alisema akicheka, na waya wa shaba alikuwa amekwisha kuukata ukimsubiri, umekunjwa vizuri, juu ya meza yake.

Kiwandani hapo palikuwa pia na dereva wa lori, ambaye walimwita Breki kwa sababu hakuwa nazo. Akianza kusema habari, habari hiyo ilikwenda na mteremko hadi kengele ya kazi ilipomsimamisha. Alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, mpenda kutia chumvi kwenye kila kisa. Mkewe alikuwa amefariki, akamwachia watoto. Siku moja kantini, wakinywa chai, Breki alimwegemea Mshenga kwa bega zito.

"Kaka, yule Mama Funguo," akasema. "Mimi nikipata mtu wa kunisemea, wiki ijayo naoa. Nakwambia kweli." Akakonyeza, akacheka, akaingia kwenye kisa cha tairi lililopasuka mlimani. Mshenga alipuliza chai yake, ambayo ilikuwa imepoa kitambo. Hakutumwa, na hakutaka kutumwa.

Kisha mkemia mkuu akamletea habari njema. Alimwita ofisini akiwa na furaha, akamwonyesha kiboksi kilichojaa vijichupa vidogo vya kioo, vimezibwa kwa moto shingoni, ndani yake chumvi nyeupe pepepe. "Tumepata mahali pa kununua hizi," akasema. "Unavunja kimoja, unatumia, basi. Hakuna kuosha tena. Umetusaidia sana mzee, sasa pumzika. Tunakupeleka jengo la kufungashia. Kazi nyepesi, unakaa kwenye kiti."

"Ahsante, daktari," akasema Mshenga.

Jengo la kufungashia lilikuwa upande wa pili wa uwanja, nyuma ya matangi. Lilikuwa na stoo yake na mtunza stoo wake, kijana mmoja mwenye kutafuna ubani. Mshenga alitoka ofisini akatembea hadi kwenye sinki, akafungua bomba, akanawa mikono isiyokuwa na uchafu. Alielewa vizuri kilichokuwa kinaondoka. Hakuna atakayemwita jina lake tena, labda dada, Jumapili, katikati ya kelele za redio.

Ikabaki kuosha mara moja, kumalizia chumvi ya zamani. Akakata shauri. Safari hii angeenda kwa Mama Funguo na kumwambia. Siyo habari za mtu, zake. Alifanya mazoezi chumbani, akiliambia jiko la gesi. "Mama Funguo, mimi nina neno langu." Ilisikika vizuri. Alirudia mpaka jiko likaelekea kukubali.

Akamtengenezea na zawadi. Alichukua chumvi nzuri kuliko zote alizowahi kuosha, akaitia kwenye mrija mwembamba wa kioo, akapuliza naitrojeni ndani kuitoa hewa yote, akaizungusha shingo ya mrija kwenye mwali hadi kioo kikayeyuka kikajifunga. Ikakaa humo, nyeupe, nzuri, haitachoka hata miaka mia. Angempa na kumwambia maneno fulani kuhusu jambo hilo. Hayo nayo alikuwa ameyafanyia mazoezi.

Siku yenyewe alivaa shati lililopigwa pasi chini ya koti la maabara. Mrija aliuweka mfuko wa kifuani. Alipofika dirishani hapakuwa na mtu mwingine. Mama Funguo alikuwa akipanga makopo. Akageuka, funguo zikalia, akamtazama kuanzia kola kwenda chini.

"Heh! Leo kuna nini?" akasema, akamwita kwa jina lake. "Umependeza hivyo, unakwenda kuosha chumvi au unakwenda kuoa?"

Mlango ulikuwa wazi. Mtu mwingine angejibu "kuoa" akaingia moja kwa moja. Mshenga alihisi moyo unagonga kwenye mrija ule kifuani. Akavua kofia. Akakohoa kidogo. Akatazama chini. Na mdomo wake, ambao kwa miaka yote hiyo haukuwahi kuanza namna nyingine, ukaanza namna uliyoizoea.

"Nimetumwa," akasema.

Mama Funguo alibaki na kopo mkononi. Tabasamu lake halikuondoka, lilisimama tu, kama linalosubiri. Alikuja karibu na wavu.

"Umetumwa," akasema. "Umetumwa na nani?"

Hapo ndipo mahali pa kumpiga mtu kofi. Maana jibu lilikuwepo, jepesi, lingeweza hata kuchekesha: nimejituma mwenyewe. Angelisema hilo, wangecheka wote wawili, na kisa hiki kingekuwa kifupi zaidi na chenye vikombe vingi. Alilitafuta. Aliliona kabisa. Lakini lilihitaji mtu wa kusimama nyuma yake, na nyuma yake hakukuwa na mtu, alikuwa yeye. Ikija "sitaki", haitampita begani. Akakohoa tena.

"Nakuuliza tena," akasema Mama Funguo, safari hii kwa sauti ya chini sana, na akalitaja jina lake. "Umetumwa na nani?"

Nje, lori lilikuwa likirudi kinyumenyume kuja kupakua mzigo mlangoni pa stoo. Likapiga honi. Mshenga aliinua macho, akaliona, akaona mkono mnene wa dereva ukining'inia dirishani.

"Na Breki," akasema.

Mama Funguo alichagua ufunguo mmoja kwenye shada, akafungua droo, akaifunga bila kutoa kitu.

"Breki," akasema. "Haya." Kisha akamtazama usoni. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Mshenga hakujua kwamba hapo alikuwa anaulizwa mara ya tatu. Alijua tu kwamba hatua hiyo anaifahamu. Wote huuliza hivyo, na mshenga mzuri huwa na jibu. "Ni mtu mzuri," akasema. "Ana moyo. Watoto wake wamelelewa. Hakuachi na njaa wala hakuachi na kimya." Yote yalikuwa kweli, na yote yalimtoka bila kukwama.

"Sawa," akasema Mama Funguo. "Kama wewe umesema." Akampa spiriti, akampa etha, akampa waya. Waya haukuwa umekatwa safari hii, aliukata hapo hapo, na hakumwita jina lolote alipoondoka.

Chumvi ya siku ile aliiharibu. Alizubaa kwenye kuchuja, hewa ikaiwahi, akabaki anaitazama ikigeuka rangi juu ya karatasi. Hakurudia mwanzo.

Usiseme hakujaribu kurekebisha. Kesho yake asubuhi, kengele haijalia, alikwenda stoo kusema ukweli, kofia ikiwa mkononi tayari. Akamkuta Breki. Mama Funguo hakuwa mtu wa kungoja mambo yaive. Jioni ile ile, mzigo ukishushwa, alikuwa amemuuliza dereva waziwazi mbona anatuma wenzake wakati mdomo anao. Breki, ambaye hakuwa amemtuma mtu yeyote, alishangaa kwa muda wa kufumba jicho, kisha akashukuru Mungu na kuchukua alichopewa. Sasa alikuwa juu ya ngazi, anakaza rafu iliyolegea, na alipomwona Mshenga akashuka mbio na bisibisi mkononi, akamvuta pembeni nyuma ya lori.

"Kaka," akasema. "Sikukutuma. Nilisema utani tu kantini, lakini wewe ulisikia kilichokuwa chini ya utani. Wewe ni mtu wa namna gani?" Na mtu yule mkubwa, mwenye maneno mengi kuliko redio, akaanza kulia. "Unajua kwa nini nasema sana? Nikinyamaza naisikia nyumba. Tangu mama watoto aondoke, nikinyamaza naisikia."

Mshenga alijua nyumba inavyosikika. Alimpigapiga mgongoni, akarudisha kofia kichwani. "Mungu awajalie, ndugu yangu," akasema. Alipopita dirishani Mama Funguo aliinua kichwa, na yeye akapitiliza.

Siku ya ndoa Mshenga aliwekwa kiti cha mbele pamoja na dada zake bibi harusi, akapigiwa makofi kuliko bwana harusi. Breki alisimulia kisa chote kwenye kipaza sauti, akitia chumvi ya kutosha, hata ikawa Mshenga alipiga magoti stoo na kulia. Watu walicheka. Mshenga alicheka nao. Kuanzia hapo akawa kwenye kiti chake jengo la kufungashia, akitazama maboksi yakipita, na kama ni juma au ni mwaka uliopita haikumhusu sana. Walimtuma tena, mara mbili tatu. Akasema siku hizi ana kifua, hawezi kusema sana.

Miaka ikaenda. Breki akastaafu, yeye na mkewe wakaamua kuhamia karibu na wanawe. Siku ya mwisho Mama Funguo alizunguka kiwanda kizima kuaga, jengo kwa jengo, bila shada lake kiunoni, kiasi kwamba Mshenga hakumsikia akija. Aliinua macho tu, akamwona amesimama mbele ya maboksi. Alikuwa amenenepa kidogo, ametulia, ni mtu anayelala vizuri. Hilo Mshenga aliliona, na alifurahi, na liliuma.

"Nimekuja kukuaga," akasema, akamwita kwa jina lake.

Mshenga aliingiza mkono mfuko wa kifuani. Mrija ule haukuwahi kutoka hapo. Kila koti jipya alilopewa, aliuhamisha. Akamnyooshea.

"Hii ilikuwa yako," akasema. "Siku ile."

Mama Funguo aliupokea, akaugeuza kwenye mwanga. "Chumvi?" akasema. "Niipikie mchuzi?"

"Thubutu. Utamuua Breki."

Wakacheka. Kisha mama yule akaacha kucheka, maana alikuwa akiitazama ile chumvi, jinsi ilivyokuwa nyeupe bado, na ile shingo ya kioo iliyofungwa kwa uangalifu wote ule, na alikuwa amekaa stoo miaka ya kutosha kujua kwamba mtu hamfungii mwenzake kitu hivyo kwa niaba ya dereva wa lori.

"Nilikuuliza mara mbili umetumwa na nani," akasema. "Na mara ya tatu nikakuuliza wewe mwenyewe unasemaje."

"Nilisikia."

"Nilikuwa nimeshakubali kabla hujavua kofia, mwanaume wewe."

Mshenga alitikisa kichwa. Mama Funguo aliurudisha mrija mkononi mwake, akavifunga vidole vya Mshenga juu yake, kwa mikono yake miwili. "Sasa siwezi kuipokea," akasema. "Nina mume, na ni mtu mzuri. Wewe ndiye uliyesema." Akaenda zake kuwaaga wa jengo la pili.

Jioni alirudi nyumbani. Akagonga. Akasema hodi. Akasimama mlangoni pale kwa muda, kichwa kimeinama, kama mgeni anayesikiliza kama kuna mtu ndani. Kisha akatia ufunguo, akaingia, akauweka mrija mezani kando ya kikombe, akakaa.

Haikuwa Jumapili, lakini simu ikalia. Mkono ukaenda wenyewe kwenye redio, ukaifungulia, wachambuzi wakaanza kupiga kelele. Akapokea.

"Mdogo wangu, sijui kwa nini, leo umenijia tu," akasema dada. "Uko na nani hapo?"

Mshenga aliitazama chumvi ile, nyeupe, safi, haijaguswa na chochote. Akanyoosha mkono, akazima redio.

"Niko peke yangu, dada."

Akasikia mjukuu akilia kwa mbali, mlango ukifungwa, kiti kikivutwa.

"Najua," akasema dada yake. "Siku zote najua. Kwani hiyo redio mimi siijui? Si ya mama?" Sauti yake ilitetemeka kidogo, kisha ikajikaza. "Haya, nimekaa. Niambie."

Akakohoa. Kofia ilikuwa bado kichwani, hakuivua. Na bila kutumwa na mtu yeyote, akaanza kusema.